Gitaa la Duka la Kinyozi

Mtoto anayeletwa kwa Encarna Monje kujifunza gitaa huja na gitaa lake, aghalabu jipya, bado linanuka gundi, na mzazi amelikumbatia kama aliyebeba trei ya mayai. Encarna hulipokea kwa mikono miwili, huusifu mti wake, humsifu na mzazi aliyelinunua, kisha hulitundika ukutani kwenye msumari. Hapo litakaa mpaka karibu na Pasaka. Mtoto huonyeshwa kiti kifupi cha kusukwa kwa majani na kuambiwa atoe mikono mifukoni, kwa sababu hiyo mikono ndiyo ala atakayoanza nayo.

Nimepanga chumba juu ya hapo anapofundishia kwa miaka mingi, katika mtaa wa San Miguel, mjini Jerez, kusini kabisa mwa Uhispania, na kila alasiri sakafu yangu hutetemeka kwa makofi. Nimewasikia wapiga gitaa wa Kinshasa na wa Antananarivo, na Lisbon nimelala ukuta kwa ukuta na jirani ambaye hakuacha kupiga hata saa za misa. Sijapata kuona mahali pengine ambapo mwalimu wa gitaa huanza kwa kumnyang'anya mwanafunzi gitaa.

Chumba cha Encarna zamani kilikuwa duka la kinyozi. Kioo kikubwa bado kipo, kimeota madoa pembeni, na kiti cha kunyolea bado kipo katikati, kile cha chuma na ngozi kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga. Watoto huketi wamekizunguka. Gitaa linalotumika ni moja tu, la duka, lililozeeka mpaka likawa rangi ya majani ya chai. Mmoja hulipiga. Mmoja hukaa kwenye kiti cha kinyozi na kuimba. Waliobaki hupiga makofi ya buleria, mdundo wa hapa ambao watoto wa mtaa huu huujua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Encarna akigonga sakafu kwa kisigino, gitaa huhamia kwa jirani wa kushoto, na mwimbaji naye hubadilishwa. Sharti lake ni moja: mdundo usikatike. Gitaa hupita hewani huku makofi yameushikilia wimbo, na anayelipokea huingia palepale mwenzake alipotokea.

Mwaka mmoja alikuja baba fulani, karani wa benki, amefunga tai, kulalamika kwamba alimleta mwanawe awe mpiga gitaa, na sasa mtoto anaimba bafuni, anagonga meza kwa vijiko, anacheza dansi mbele ya friji, na gitaa hajaligusa. Encarna alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba akae kidogo kwenye kiti cha mtoto aliyekuwa anaumwa siku hiyo, maana duara lilikuwa na pengo na pengo linaharibu makofi. Karani aliondoka saa ya chakula cha usiku, tai iko mfukoni, na hakulalamika tena.

Mimi pia niliwahi kumuuliza kwa nini wote waimbe, hata wale ambao Mungu aliwanyima sauti kabisa. Alikuwa anafuta kioo kwa gazeti. Alisema mpiga gitaa ambaye hajawahi kuishiwa pumzi mbele za watu hawezi kujua namna ya kumngoja anayeishiwa.

Haya hakuyasoma popote. Aliyaokota humu humu dukani akiwa na ufagio mkononi.

Baba yake, Anselmo, hakuwa mwanamuziki. Alikuwa kinyozi asiyeweza kunyoa kimya. Gitaa lilining'inia karibu na mlango, na wateja waliokuwa wakingoja walilipiga kwa zamu. Anayeitwa kwenye kiti alimpa anayefuata. Anselmo alinyoa kwa mdundo huo. Wembe ulishuka shavuni na mdundo, ukapanda kidevuni na mdundo, na muziki ukikatika ghafla mkono wake ulisita na mteja akatoka na alama. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuliacha gitaa linyamaze. Wanaume wazima walijifunza kupokezana gitaa kama watu wanaopokezana mtoto mchanga aliyelala, wote kwa kuogopa shingo zao.

Encarna alifagia nywele. Siku zile msichana hakupewa gitaa, lakini hakuna aliyefikiri kwamba kulishika tu, wakati mteja mmoja anainuka na mwingine anatafuta pa kuweka kofia yake, ni kupewa. Ndivyo alivyoingia. Mwanzoni aliligonga ubao kwa ncha za vidole ili mdundo usife. Baadaye akatia sauti moja, kisha mbili. Alijifunza kwenye hizo nafasi ndogo, na kwa kuwa nafasi zilikuwa ndogo, alijifunza kuingia bila kishindo na kutoka bila kishindo. Ilifika wakati wateja wakawa wanainuka polepole makusudi. Wengine walirudi mlangoni kuuliza kama hawakusahau mwavuli, katikati ya kiangazi.

Ukubwani alibandika lebo kwenye chupa katika ghala la mvinyo mpaka alipostaafu. Wanawake wa pale waliimba kutwa, naye akawasindikiza kwa kugonga sanduku. Baba yake alipofariki na duka likafungwa, ndugu walitaka kuuza kile kiti. Encarna alikwenda akakikalia, akawaambia wauze na yeye pamoja. Mwaka uliofuata mtoto wa jirani akabisha hodi na gitaa mgongoni, akapelekwa kwenye makofi, na hapo ndipo mambo yote yalipoanza.

Sasa nije kwa Azahara.

Azahara ni mjukuu wa Zacarías Barea, mzee aliyefanya kazi ya kutengeneza mapipa ya mvinyo maisha yake yote, na ambaye San Miguel nzima humjua kwa uimbaji wake. Sauti yake ni ya kukwaruza, na ana tabia ya kuvuta neno moja mpaka wasikilizaji wanahema kwa niaba yake. Akishalivuta anasimama, ananyamaza, anakuacha unaning'inia, halafu ndipo anashuka. Watu wa Santiago, mtaa ule wa upande wa pili wa mji ambao nao unajiona ndio wenye nyimbo zote za dunia, husema Zacarías huwa anakwenda kula katikati ya mstari. San Miguel hujibu kwamba afadhali yeye, wao hawana hata cha kwenda kula.

Azahara alijifunzia gitaa chumbani, mlango umefungwa, kwa kutazama simu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na vidole vilivyokwenda kasi kuliko macho yako. Siku ya ubatizo wa binamu yake, uani, chakula kilipokuwa mezani, babu aliinuka kuimba, akamgeukia na kumwambia, "Tatu."

Huku mwimbaji humwambia mpiga gitaa namba, yaani mahali pa kuweka kibano, kile kijiti chenye kigingi kinachobana nyuzi shingoni mwa gitaa. Kikisogea juu, sauti ya gitaa nayo hupanda, na mwimbaji hujua koo lake linataka wapi siku hiyo. Ni neno moja tu. Lakini mtu asiyekuamini hakuambii namba. Hunyamaza, au huimba bila gitaa, au husema ana mafua.

Azahara aliweka kibano penye tatu, haraka, kwa furaha. Akaanza na utangulizi mrefu, mzuri, wenye vidole vingi, na wajomba wakatikisa vichwa. Babu akaanza kuimba. Akavuta neno. Kabla hajashuka, Azahara akaufunga mstari kwa sauti za kumalizia. Babu akamtazama kwa jicho moja, akaanza tena, akavuta, na Azahara akaufunga tena. Mara ya tatu alimpita katikati ya neno kwa mkimbio wa sauti aliokuwa ameufanyia mazoezi wiki nzima. Mzee alibaki mdomo wazi. Kisha akaufunga, akamaliza mvinyo uliokuwa kwenye glasi, na kuomba apitishiwe sahani ya samaki.

Binamu mmoja mwenye kiranga ndiye aliyekuwa na la kusema.

"Mkasi," alisema.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na jina hilo. Mama yake, Inmaculada, huuza samaki sokoni, na wateja walipoinama kuchagua dagaa walikuwa wakimuuliza kama Mkasi hajambo. Gitaa likaenda chini ya kitanda. Babu hakumkasirikia, aliendelea kumnunulia maandazi ya kukaanga kila Jumapili na kumpigia hadithi zilezile. Ila alitangaza mezani, kwa upole kabisa, kwamba kwa gitaa lile haimbi tena. Alisema anampenda mtoto, na ndiyo maana ameamua kunyamaza badala ya kusema.

Baada ya kiangazi Inmaculada alimleta kwa Encarna. Nilikuwa pale nikirudisha ngazi. Yule msichana alisimama mlangoni, gitaa kifuani, macho chini.

"Na wewe unatafuta nini?" Encarna alimuuliza.

"Nataka babu aniambie namba tena."

"Mimi nataka goti jipya. Haya, kaa, upige kitu."

Akapiga. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Watoto waliacha midomo wazi, na Pastora mdogo wa miaka tisa akasogeza kiti ili aone vidole vizuri. Alipomaliza, Ulises, mtoto wa mwoka mikate, kijana mnene mwenye roho ya kicheko, akauliza kwa sauti ya kumhurumia, "Dada, ni mbwa gani anakukimbiza?"

Encarna alisema vidole ni vizuri sana, vya kumshukuru Mungu. Kisha akalitundika lile gitaa kwenye msumari.

Majuma ya mwanzo Azahara alipiga makofi na kununa. Alijua mdundo, nani asiyeujua hapa, lakini aliupiga kama anayemalizia kazi ya adhabu. Kilichomshinda hasa ni kile kiti cha kinyozi. Kuimba, mbele ya kioo, mbele ya wenzake, na sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba kama ya mwanambuzi. Alisema yeye si mwimbaji. Encarna alisema Ulises pia si mwimbaji, ni mlango usiotiwa mafuta, na kila Jumanne anaimba. Ulises aliinuka akainamisha kichwa kama aliyepewa tuzo.

Siku aliyokubali kupanda, gitaa lilikuwa kwa huyohuyo Ulises. Vidole vyake vilikuwa vinene na sauti alizozijua hazikuzidi nne. Azahara alichagua kuimba moja ya nyimbo za babu yake, akaivuta kama anavyoivuta babu yake, na katikati ya neno pumzi ikamwishia. Hakukuwa na kitu tena kifuani. Kwenye kioo alijiona amekodoa macho kama samaki wa mama yake. Lakini mdundo haukuanguka. Gitaa la Ulises lilikuwa linatembea taratibu palepale, halimpiti, halimsukumi, linazunguka sauti ileile kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kiatu. Azahara akavuta hewa, akashuka, na Ulises akaufunga mstari baada yake, kwa noti moja tu.

Aliteremka kwenye kiti akamwendea.

"Umejuaje kwamba sijamaliza?"

"Nilikuwa naangalia koo lako," Ulises alisema. "Lilikuwa limepanda juu kama la kuku anayekunywa maji. Kuku akiwa hivyo hajameza bado."

Wote walicheka, na Azahara naye, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ule ubatizo. Ndipo Encarna akawaeleza habari za wembe. Kinyozi, alisema, hatazami povu, hatazami sharubu, hutazama koo. Mteja akitaka kumeza mate, koo hutoa habari mapema, na baba yake aliinua wembe kabla, akangoja, akaushusha baada. Katika miaka yake yote hakumkata mtu kooni. Waliokatwa walikatwa mashavuni, na hao ni kosa la gitaa.

"Kwa hiyo wewe, mwanangu, vidole vyako unavijua tayari," alimwambia Azahara. "Acha kuvitazama. Havitatoroka."

Kuanzia hapo nilisikia mabadiliko kupitia sakafuni. Gitaa lilipofika kwa Azahara halikulia tena kama mvua ya mawe. Encarna alimpa waimbaji wagumu makusudi, na mgumu kuliko wote alikuwa Pastora, kwa sababu mtoto wa miaka tisa huimba apendapo na husimama katikati kujikuna. Azahara alimngoja ajikune. Alimngoja acheke. Alimngoja siku moja aulize kama ni kweli nyangumi hana meno, ajibiwe, na arudi kwenye mstari alipouacha, na makofi yote ya duara yamesimama imara kumngoja yeye. Walipomaliza walipigiana kelele kama wamefunga bao. Jioni hiyo Azahara alitoka dukani akigonga ukuta kwa vidole, akanipita mlangoni bila kuniona.

Mabadiliko hayo sikuyasikia mimi peke yangu. Njia ya Zacarías kwenda kununua mkate haipiti kwetu, lakini mwezi wa Novemba ilianza kupita. Alitembea polepole sana karibu na lile dirisha, mikono nyuma, akitazama machungwa yaliyoiva juu ya miti ya barabarani kana kwamba hajawahi kuyaona. Siku moja Encarna alitoka kumwaga maji wakakutana ana kwa ana.

"Naona shule yako siku hizi inatoa vyeti vya makofi," mzee alisema.

"Njoo, Zacarías. Chako bado kipo, hujafaulu mtihani."

"Mimi? Mimi nilizaliwa nikipiga."

"Ndiyo maana mama yako alikuwa anaziba masikio."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kama mjukuu wake bado anakimbia. Encarna alimjibu kwamba hilo si la kuuliza dirishani. Akaingia ndani.

Desemba ikafika. Kila Jumamosi ya mwezi huo, ua fulani wa Jerez huwasha moto katikati, na watu hukaa kuuzunguka tangu baada ya chakula cha mchana, wakiimba nyimbo za Noeli kwa mdundo wa buleria. Katikati huwepo ngoma ya chungu, yenye ngozi juu na ufito uliosimama katikati ya ngozi. Mkono uliolowa maji ukiuchua ufito huo, chungu huguna kama dubu aliyeamshwa. Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya ua wetu. Inmaculada alileta samaki wa kukaanga, mwoka mikate akaleta vikeki vya kuchovya kwenye asali, na Encarna akapika sufuria kubwa ya dengu kwa spinachi, akaiweka karibu na moto.

Azahara alijua babu yake atakuja. Tangu asubuhi alikuwa amevaa vizuri, hakula, na mara mbili nilimwona akikausha viganja kwenye sketi. Hakumwambia mtu, lakini hapakuwa na mtu pale asiyejua anachosubiri.

Zacarías alikuja amejifunga skafu mpaka puani. Akasalimia wote, akabusu watoto, akachukua kiti chake na kukiweka upande wa pili wa moto, bega moja limeligeukia gitaa, kama mtu anayekwepa upepo. Kisha akatangaza kwamba ana mafua. Leo yeye ni wa makofi tu.

Nilimwona Azahara akiinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Encarna alikaa na lile gitaa la duka pajani, Azahara kushoto kwake, Ulises na Pastora na wengine wakiendelea na duara, na wazazi wakafuata. Nyimbo zikaanza. Aliimba Inmaculada, kwa sauti ileile ya kuitia wateja wa dagaa. Aliimba karani wa benki, ndiyo, yuleyule, akakosea maneno akazomewa kwa upendo. Makofi yalikuwa mazito kiasi kwamba njiwa wa paa walihama. Mzee alipiga makofi kwa ustadi wake wote, macho kwenye moto.

Kisha Encarna akagonga kisigino na kumtazama Azahara. Gitaa hakumpa. Alimpa zamu ya kuimba.

Msichana alimkodolea macho kama aliyesalitiwa. Lakini mdundo ulikuwa unazunguka, na miezi ile ilikuwa imemtia kitu mwilini ambacho hakikungoja ruhusa yake. Akafungua mdomo:

*Punda wa wafalme watatu
kala dengu za shangazi,
sasa Noeli imefika
na punda hashuki ngazi.*

Watu wakacheka. Akaendelea na ubeti wa pili, na katika neno la mwisho, sijui ni ushupavu au ni damu, akalivuta. Akalivuta kama babu yake, kwa sauti ile ya mwanambuzi, juu, juu zaidi, mbele ya mtaa mzima uliomwita Mkasi. Pumzi ikamwishia. Hakushtuka. Hakufunika uso. Alibaki hapo ameshikilia ukimya wake, mkono umeinuka, akijua kwamba gitaa litamngoja, na gitaa la Encarna likamngoja.

Ng'ambo ya moto skafu ikateremka. Ni desturi ya huku kwamba mwimbaji akiachwa na pumzi, mwingine hulidaka neno lake lisianguke chini, na Zacarías tangu utoto wake hajawahi kuliacha neno lianguke, mafua au hakuna mafua. Alilidaka pale pale mjukuu wake alipoliachia. Akalipandisha, akalizungusha, akashuka nalo taratibu, na ua mzima ukaguna pamoja na chungu. Halafu, kwa kuwa mtu hawezi kuonja kijiko kimoja akasimama, akaanza ubeti mwingine. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Huwa anaimba hivyo siku zote.

Encarna akagonga kisigino, polepole sana.

Gitaa likaenda kushoto. Makofi yalilibeba, na hakuna sikio lililojua kwamba limehama mikono. Macho ndiyo yaliyojua. Inmaculada alikuwa na zeituni mdomoni akasahau kutafuna. Azahara alilipokea palepale wimbo ulipokuwa, akapiga kidogo tu, sauti mbili, na shingo yake ikanyooka kuelekea ng'ambo ya moto. Vidole vyake hakuvitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama koo.

Mzee akavuta neno. Koo likapanda. Nilihisi viganja vyangu vinataka kuufunga ule mstari, na nikaona watu wazima wameuma midomo. Azahara alizunguka palepale. Mzee akanyamaza, ule unyamavu wake wa kwenda kula. Moto ulipasuka. Makofi yalishuka mpaka yakawa kama matone. Azahara akazidi kungoja, na uso wake, nakiri sikutegemea, ulikuwa unatabasamu, kama mtu aliyefika stesheni mapema na hana haraka tena. Koo likashuka. Neno likatua. Ndipo akaufunga mstari nyuma yake, kwa noti tatu ndogo.

"Hivyo ndivyo, Encarna," mzee alisema, macho bado yamefumbwa. "Hivyo ndivyo mtu anavyosindikizwa."

"Nashukuru," Encarna alisema. "Utakula dengu?"

Sauti ilitoka upande mwingine kabisa. Zacarías akafumbua macho. Encarna alikuwa amesimama kwenye sufuria, mwiko mkononi, anaonja chumvi. Mzee aliangalia mwiko. Aliangalia kiti kilichokuwa cha Encarna. Kisha akaangalia gitaa, na aliyelishika.

Hakuna aliyecheka, hata yule binamu mwenye kiranga. Makofi tu yaliendelea, chini kwa chini, kwa sababu Ulises hakuyaacha, na Ulises asipoyaacha hakuna anayethubutu.

"Nani kakufundisha kungoja?" babu aliuliza.

"Ulises, babu."

"Yule mnene?"

"Huyohuyo."

Ulises aliinamisha kichwa, bila kukosa pigo hata moja. Mzee akainuka, akakishika kiti chake kwa mgongo, akauzunguka moto nacho, akakiweka mbele ya mjukuu wake, magoti kwa magoti, na kukaa. Akafungua skafu yote, akaitupa begani kwa Inmaculada.

"Nne," alisema.

Azahara hakusogea. Nadhani alitaka kulisikia neno hilo likae kidogo masikioni.

"Baba," Inmaculada alisema, "siku ya ubatizo ulikuwa tatu. Na leo una mafua."

"Mafua yamepona. Nne, nimesema. Mtoto amenisikia, wewe tafuna zeituni lako."

Azahara akasogeza kibano mpaka penye nne. Utangulizi aliopiga ulikuwa mfupi sana, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye kiti kabla mgeni hajakaa, na babu yake akaingia.

Waliimba pamoja nyimbo ambazo sikuzihesabu. Jua lilikuwa bado juu ya paa, dengu zilikuwa zimeisha, na njiwa walikuwa wamerudi wakazoea. Katikati ya wimbo mmoja, mzee akiwa ndiyo kwanza amepamba moto, kisigino cha Encarna kikagonga mawe ya ua.

"Encarna, usifanye hivyo," mzee alisema. "Mwache huyu."

"Zamu, Zacarías."

"Ndiyo kwanza tumeanza."

"Na mdundo unakatika kwa maneno yako."

Azahara alikuwa amekwisha kulipitisha. Gitaa lilipita hewani likafika kwenye mikono minene ya Ulises, lenyewe bado limebanwa penye nne, na Azahara akaanza kupiga makofi akimtazama babu yake kwa jicho la kumchokoza. Zacarías alimgeukia Ulises, akampima kuanzia viatu mpaka nywele, akavuta pumzi ndefu, akaimba.